Mababu wa Kununua

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumaanisha kwamba mwongo hana miguu. Anayo, tena ana mbio kuliko msema kweli, maana msema kweli hutembea na mzigo wake wote kichwani, ilhali mwongo ameutua wake kichakani. Walimaanisha kwamba ataanza safari kwa mbwembwe, atawapita watu wote, kisha ghafla atakuta njia imeishia ukutani, na wale aliowapita watamkuta palepale akijikuna kichwa. Hayo yalitokea kijijini kwetu Clunbrook, katika vilima vya Shropshire, mwaka wa kumi wa utawala wa Mfalme James. Waliojikuna kichwa walikuwa wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu mbaya.

Ambrose Tolley alifika kwetu akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, kutoka Suffolk, mashariki kabisa mwa Uingereza, mwendo wa siku saba kwa farasi mzuri. Tajiri mmoja wa bonde la pili alikuwa amemwajiri asimamie mazizi yake. Kijana alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa, na farasi walimpenda kwa namna ya kutia wivu. Dume moja lililokwisha kumvunja mhunzi mbavu lilimwegemea Ambrose begani na kusinzia. Wanawake wa Clunbrook wakauliza mara moja yale yanayoulizwa na wanawake wa kila mahali. Ana mke? Hana. Wazazi je? Hapo Ambrose aliinamisha kichwa, akasema yeye ni yatima. Mama zetu wakamwonea huruma, wakampelekea pai.

Yatima wapi! Baba yake kweli alikuwa amekwisha kufariki, lakini mama yake alikuwa mzima wa afya. Baba huyo alikuwa Lodi Wenlow, mwenye jumba kubwa na mashamba yasiyoonekana mwisho, na mama alikuwa Sibyl Tolley, mtengenezaji wa jibini katika shamba la jumba hilohilo. Lodi alikuwa na mke wa ndoa na mabinti wanne. Sibyl hakuwa na kitu ila mikono yake, ulimi wake na mtoto. Lakini msiharakishe kumhukumu marehemu, kwa sababu huyu lodi hakumficha mwanawe. Alimpandisha farasi kwa mikono yake mwenyewe alipotimiza miaka minne. Alimfundisha kusoma akiwa amempakata. Kila Jumamosi alikwenda kwa Sibyl, akaketi kwenye kigoda, akala jibini la Suffolk, nalo jibini hilo ni gumu kiasi kwamba panya hulizunguka siku tatu akitafuta pa kuanzia. Alivunjika jino mara mbili na bado alirudi. Alipofariki, wosia wake ulisomwa mbele ya kanisa zima, mjane wake akiwa kiti cha mbele: “Kwa Ambrose, mwanangu niliyemzaa na Sibyl Tolley, namwachia farasi wangu wawili na baraka zangu zote.”

Mtoto aliyependwa hivyo angepaswa kutembea kifua mbele. Lakini sheria yetu inamwita mtoto wa nje ya ndoa mwana wa asiye mtu, yaani hana baba wala babu, na wenzake shuleni waliijua sheria hiyo kabla hawajaijua alfabeti. “We Mwana wa Hakuna, baba hajambo?” walimwuliza kila asubuhi. Neno kama hilo likishamwingia mtoto halimtoki kwa urahisi. Siku alipopata kazi mbali na kwao, Ambrose alijiambia kwamba huko ugenini ataanza upya, na kwa kuwa hakujua aanze vipi, alianza na uongo.

Alikutana na Thomasin Preece mwezi wa Juni, mtoni, siku ya kuwaosha kondoo kabla ya kuwakata manyoya. Thomasin alikuwa majini hadi kiunoni, amemkaba shingo kondoo dume mkubwa kuliko yeye.

“Wewe bwana farasi,” alimwita, “umekuja kuosha kondoo au kuosha macho?”

“Nimekuja kusaidia.”

“Basi saidia! Kondoo hawaoshwi kwa kutazamwa.”

Ambrose aliingia mtoni na viatu vyake, akateleza, akazama, akaibuka amemkumbatia kondoo wa mtu mwingine kabisa. Thomasin alicheka mpaka dume lake likamponyoka na kukimbilia mashambani, na wote wawili wakalifukuza hadi jua likawakausha nguo. Waliporudi, Thomasin alikuwa bado anacheka, na Ambrose alikuwa amekwisha kwa mapenzi. Kijiji kizima kiliona, wala hapakuwa na haja ya mtu kumnong’oneza mwenzake.

Sasa baba yake Thomasin, Mzee Humphrey Preece, alikuwa mfugaji mkubwa kuliko wote bondeni kwetu, mjane mwenye binti huyo mmoja tu. Moyo wake ulikuwa mweupe. Jirani akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi na paja la kondoo begani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka kuwa muungwana wa damu. Miaka mitatu nyuma alikuwa amejipatia hati ndefu ya nasaba, ya ngozi nyeupe, iliyojaa mashujaa kutoka juu hadi chini, kisha akachorewa ngao ya ukoo ukutani, juu ya meko ya sebuleni: korongo watatu weupe katika uwanja wa buluu. Sisi wa Clunbrook tulimjua baba yake halisi, Mzee Wat, mkata manyoya ya kondoo wa kuajiriwa, aliyezunguka shamba hadi shamba na mkasi wake kiunoni. Lakini mtu akikukaribisha nyama, huanzi kumwuliza habari za babu yake. Tulikula, tukawasifu korongo.

Ambrose alipokwenda kuposa, mzee alimkaribisha vizuri sana.

“Kijana, mimi nakupenda,” alisema. “Farasi wanakupenda, binti yangu anakupenda, hata mbwa wangu anakupenda, na mbwa huyu hampendi kasisi. Lakini mababu zako ni akina nani?”

“Ni watu wa Suffolk, Mzee.”

“Watu kila mtu anao! Mimi nauliza mababu. Unawaona korongo wale? Babu yangu Baldwin alivuka bahari pamoja na Mfalme William, upanga mkononi. Simtoi Thomasin kwa mtu aliyeota tu kama uyoga. Niletee hati yako ya nasaba. Unayo, chukua binti. Huna, baki na farasi.”

“Baba,” Thomasin aliingilia, “kwani mimi naolewa na mtu au na karatasi?”

“Nyamaza wewe. Si karatasi, ni ngozi.”

Ambrose angeweza kusema kweli palepale. Aliitazama mikono ya Thomasin, akafikiri jinsi mlango utakavyofungwa mbele yake, na woga wa shuleni ukamrudia. “Ninayo,” alijibu. “Iko kwetu. Nitaagiza iletwe.”

Haikuwa kwao wala kwa mtu yeyote. Ilikuwa bado katika kalamu ya Gervase Pinnock, mchora ngao aliyekuwa amepanga chumba katika nyumba ya wageni mjini Ludlow. Pinnock alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole vya buluu na adabu nyingi. Alimkalisha Ambrose karibu na dirisha, akamtazama juu na chini kama mshona nguo.

“Unataka nasaba ya nini?” aliuliza.

“Ya kuolea.”

“Aa, ya kuolea! Hiyo nyepesi. Nitakupa shujaa mmoja aliyevuka bahari, mmoja aliyefia Yerusalemu, na mmoja aliyegombana na mfalme, maana ukoo usio na mkorofi hauaminiki. Jina lako?”

“Tolley.”

“Tolley, Tolley… Zamani mliitwa Montfichel. Majina nayo huchakaa njiani kama soli. Baba yako tumwite Roland. Mama yako yu hai?”

“Yu hai.”

“Anafanya kazi gani?”

“Anatengeneza jibini.”

Pinnock aliiweka kalamu chini taratibu. “Hapo pana tatizo, ndugu yangu. Bibi wa ukoo wa Montfichel hanuki maziwa. Tumuue?”

Ambrose alikumbuka mama yake akimpulizia uji, na Lodi Wenlow akicheka na kigoda kikilia chini yake.

“Atakuwa amekufa kwa nini?” aliuliza mwishowe.

“Tauni. Tauni haiulizwi maswali.”

“Haya,” alisema Ambrose kwa sauti ambayo Pinnock ilibidi ainame kuisikia. “Muue.”

Baada ya wiki mbili hati ilikuwa tayari, na kwa kweli ilipendeza. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Preece aliandaa chakula cha mchana. Alimwalika Kasisi Wigley, aliyekuja kwetu kutoka Oxford miaka mitano tu nyuma, ili asome Kilatini cha hati mbele ya watu na kuipanga siku ya kuanza kuitangaza ndoa kanisani. Mzee mwenyewe hakujua kusoma zaidi ya alama za kondoo. Majirani tulijazana pale sebuleni kama kawaida yetu panapokuwa na nyama. Ambrose akasogeza sahani, akaikunjua ngozi yake mezani.

Mzee Preece ndiye aliyeona kwanza.

“Ala!” alisema. “Korongo wangu!”

Kweli, walikuwepo: korongo watatu weupe, uwanja wa buluu. Wote tuligeuka tukatazama meko, kisha tukatazama meza, kisha meko tena. Kasisi akavaa miwani, akaomba hati ya mzee iteremshwe kutoka ukutani, akaziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu, kidole hiki huku na kidole hiki kule.

“Baldwin aliyevuka bahari,” alisoma. “Na huku Baldwin, naye kavuka. Odo aliyefia Yerusalemu. Odo, Yerusalemu vilevile. Fulke aliyegombana na mfalme… na huyu pia kagombana.” Vidole viliteremka pamoja hadi chini kabisa. “Roland na mkewe Lettice wakamzaa Humphrey. Roland na mkewe Lettice wakamzaa Ambrose.”

Alivua miwani. Alikuwa mtu wa vitabu, na alichokikuta kimeandikwa alikiheshimu.

“Hongera, Humphrey,” alisema. “Umepata mdogo wako.”

Mpishi alijifunika uso kwa aproni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

“Na pole pia,” aliendelea kasisi, “maana binti huyu, kwa hati hizi, ni mtoto wa kaka yake mposaji. Ile orodha ya ndoa zilizokatazwa imetundikwa ukutani kanisani, na nyote mnaikodolea macho mahubiri yangu yakirefuka. Mwanamume haruhusiwi kumwoa binti ya kaka yake. Ndoa hii siwezi kuitangaza. Tena kuna jambo linanisumbua. Bibi Lettice, katika hati ya Humphrey, alikufa kwa tauni mwaka 1563. Katika hati ya Ambrose alikufa kwa tauni mwaka 1590. Maskini mama wa watu, tauni ilimwandama!”

Ambrose na mzee walitazamana. Kila mmoja alijua papo hapo alikonunua mwenzake, kwa kuwa Pinnock, kwa uvivu wake, alikuwa akimwuzia kila mteja ukoo uleule na kubadilisha ncha tu. Njia ilikuwa imeishia ukutani. Wakinyamaza, wao ni ndugu na ndoa imekufa. Ili wasiwe ndugu, mmoja alipaswa kuvua uongo wake mbele ya kijiji.

Ambrose alisimama.

“Mzee Preece hana mdogo,” alisema, “na mimi sina korongo. Hati hii ni ya uongo, niliichoresha Ludlow. Baba yangu alikuwa Lodi Wenlow wa Suffolk, na hakumwoa mama yangu. Mimi ni mtoto wa nje. Na mama yangu hajafa. Anaitwa Sibyl, anatengeneza jibini.”

Hapo mzee angeweza kumshika kijana mkono na mambo yakaishia kwenye kicheko. Lakini mtu aliyeukumbatia uongo miaka mitatu hauachii kwa dakika moja. Alipiga meza mpaka mkate ukaruka.

“Mwanaharamu! Umeniibia mababu! Hati yangu ni ya kweli, yako ndiyo bandia. Toka nyumbani kwangu!”

Ambrose alitoka. Thomasin alimfuata hadi uani, mashavu yamemwiva kwa hasira, na Ambrose akadhani anajua hasira hiyo ni ya nini.

“Nilipaswa kukuambia kwamba mimi ni…”

“Kuzaliwa nje si kosa lako!” alimkatiza. “Mwanakondoo hachagui zizi. Lakini mama yako, Ambrose! Mama yako mzima, anayepumua, umemuua kwa wino ili unioe mimi? Na siku nikinuka maziwa mimi, utaniua kwa ugonjwa gani?”

Ambrose alivua kofia, akaishika kifuani.

“Nakupenda,” alisema Thomasin, sasa machozi yakimtoka waziwazi, “ndiyo maana nimekasirika hivi. Nenda kamfufue. Ukirudi naye, tutazungumza. Ukirudi peke yako, pitia bonde jingine.”

Alisafiri siku saba. Alimkuta Sibyl ameinamia kinu chake cha kukandamizia jibini, mikono imepakwa chumvi hadi viwikoni. Ambrose akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji ya maziwa, akamweleza yote bila kuruka neno. Sibyl aliendelea kukandamiza.

“Nilikufa kwa nini?” aliuliza baada ya kusikia yote.

“Tauni, mama.”

“Tauni! Kweli umekosa hata ugonjwa wa heshima wa kunipa? Baba yako alikuwa na jongo la miguu, ugonjwa mzuri tu, wa watu wakubwa.” Kisha akaacha kinu, akaketi kwenye kigoda, na utani ukamwisha. “Imeniuma, mwanangu. Sitakuficha. Imeniuma hapa.”

“Nisamehe, mama.”

“Nilikusamehe ulipotokea mlangoni, maana kwa ile sura yako nilidhani umekuja kuniambia unakufa. Ila kusamehe ni kusamehe na kofi ni kofi.” Akampiga moja la bega, la nguvu, chumvi ikaruka, halafu akamvuta kichwa na kukiweka mapajani mwake kama alivyofanya zamani. “Baba yako alikuwa na mababu kuta nzima, wamechorwa pamoja na mbwa wao. Hakuna hata mmoja aliyekuja kula nami Jumamosi. Alikuja yeye. Na wewe ulikuwa umekaa katikati yetu, unatuvurugia chakula. Hiyo ndiyo nasaba yako, mjinga wewe. Haya, huyo mzee mwenye msichana ni mkali?”

“Ana moyo mzuri, mama. Ila ana mababu.”

“Nitamwona.”

Wakati huo, kwetu Clunbrook, Mzee Preece alikuwa amedhoofika. Habari zilikuwa zimefika kwamba wakaguzi wa ngao wa Mfalme watapita Ludlow mwezi ule, na atakayekutwa na ngao asiyostahili atatangazwa sokoni, kwa jina, kuwa si muungwana. Binti yake alimpa chakula bila kumsemesha. Hata mbwa alikuwa akimwangalia kwa lawama. Mchana mmoja gari la kukokotwa likasimama mlangoni, na mwanamke mfupi, mnene, akateremka na jibini kubwa kwapani. Ambrose alibaki uani na farasi, kama alivyoagizwa.

“Hodi wenyewe!”

“Karibu,” alisema mzee, kwa kuwa hakuwahi kumnyima mtu karibu. “Nani mwenzangu?”

“Mimi ndiye marehemu. Nimekuja kuwapa pole wafiwa.”

Thomasin, aliyekuwa akisokota sufu dirishani, aliangusha pia yake ya kusokotea. Sibyl aliliweka jibini mezani, likatoa kishindo cha jiwe, akaketi bila kungojea kiti kivutwe.

“Ndege wazuri wale,” alisema akitazama ukuta. “Mnawala?”

“Ni ngao ya ukoo wangu, mama.”

“Aa. Basi yule Bibi Lettice ndiye mama yako mzazi.”

“Ndiye.”

“Mimi mwanangu aliniweka kaburini, akamweka yeye mahali pangu. Sina kinyongo naye. Lakini mtu akikalia kigoda chako, si vibaya kumjua. Hebu niambie, alikuwa akipenda kula nini?”

“Alikula… vyakula vya kiungwana.”

“Kama vipi?”

“Kama… batamaji.”

“Kila siku? Maskini, na yale manyoya yote. Na ulipokuwa na homa, alikuimbia wimbo gani?”

Mzee aligeuka kuwatazama korongo ukutani. Sibyl hakuwa akimdhihaki tena. Alimtazama kwa upole, kama mzazi anavyomtazama mtoto wa mwenzake aliyepotea sokoni.

“Swali dogo tu, baba. Mama yako alikuwa akichekaje?”

Hati ile ya ngozi ilikuwa na majibu ya vita vyote, mashujaa wote na makaburi yao. Hilo halikuwemo. Mzee Preece alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Alikuwa akicheka kwa kushika mbavu,” alisema polepole, “mpaka anakaa chini. Popote alipo, hata matopeni. Lakini hakuitwa Lettice. Aliitwa Madge. Alikuwa akisokota sufu za watu. Na baba yangu alikuwa Wat, mkata manyoya. Akienda kazini alinibeba mabegani shamba hadi shamba, maana mama alikuwa na kazi za watu na hapakuwa na wa kuniachia. Nikilala alitembea polepole nisiamke…” Akamgeukia Sibyl. “Nimewafuta, mama. Nimewafuta wote wawili, nikachora ndege.”

Akalia, mtu mzima na kondoo wake wote, akalia kwa kwikwi. Thomasin alimkimbilia, akamkumbatia shingoni. Hakuwahi kusikia jina la bibi yake hadi siku ile.

“Lia tu,” alisema Sibyl, naye akijifuta macho kwa kona ya leso. “Wangu amelia njia nzima kutoka Suffolk, karibu farasi wapate mafua. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Umechutama vizuri, baba. Sasa inuka, tuna watoto wa kuoza.”

Mzee aliinuka. Alikwenda mwenyewe hadi uani, akamkuta Ambrose ameshika hatamu, uso hauna damu.

“Kijana,” alisema, “nilikuita mwanaharamu. Wewe ulisimama ukasema kweli, mimi nilikaa nikadanganya mbele ya mpishi wangu. Kati yetu wawili, aliyepaswa kufukuzwa ni mimi. Ingia ndani, chakula kinapoa.”

“Na hati, Mzee?”

“Hati gani? Ingia!”

Jumapili iliyofuata Mzee Preece alisimama kanisani kabla ya tangazo la ndoa. Alisema mbele yetu sote kwamba yeye ni Humphrey, mwana wa Wat mkata manyoya na Madge msokota sufu, na kwamba korongo wamepakwa chokaa. Tulishangilia mpaka kasisi akagonga mimbari, maana tulikuwa tumeingoja siku ile miaka mitatu. Ndipo Kasisi Wigley akasoma kwa sauti: “Ambrose, mwana wa Lodi Wenlow aliyefariki na wa Sibyl Tolley aliye hai.” Alilikazia neno la mwisho, na Sibyl akatikisa kichwa kukubali.

Wakaguzi wa Mfalme walipofika Ludlow walikuta ukoo uleule wa Baldwin katika nyumba kumi na moja. Waheshimiwa kumi na mmoja, waliokuwa hawasalimiani, walitangazwa sokoni siku moja, majina yao yakifuatana kama ndugu wa tumbo moja. Pinnock alikuwa amekwisha kutoroka, lakini hakufika mbali: alikamatwa Hereford, akichanganya rangi ya buluu. Jina la Humphrey Preece halikusomwa.

Harusi ilifanyika mwishoni mwa Septemba. Tajiri wa Ambrose alikuja na wageni wake wakubwa, na bibi mmoja mwenye ukosi mpana alimwendea bwana harusi, akamwuliza kwa sauti ya kusikika meza nzima, “Na wewe, kijana, ni wa akina nani hasa?” Ambrose aliuchukua mkono wa mama yake, ule mpana, uliochanika kwa chumvi, akaubusu mbele ya watu wote.

“Wa huyu,” alisema. “Baba yangu hakumwoa, lakini alimpenda, nami walinipenda wote wawili.”

Bibi yule hakuwa na swali la pili, kwa kuwa ukweli ukishasemwa wote haubakizi pa kushika. Sibyl alimkatia kipande cha jibini, akamwonya aangalie meno. Nasi tuliokuwepo, tuliokula kwa Mzee Preece miaka yote ile tukiwasifu korongo wake huku tukijua, tuliona haya kidogo, tukainamia sahani zetu, kwa maana hata sisi tulikuwa tumetembea naye hatua kadhaa katika njia ile, na kweli, njia ya mwongo ni fupi.